Picha ya Serikali Ina Mwenyewe

Miongoni mwa kauli zinazopita midomoni mwa watu bila kuulizwa zitokako, imo hii: kwamba picha iliyopigwa na serikali haina mwenyewe. Huisema mchapishaji wa diwani anayetafuta picha ya jalada. Huisema mwalimu wa skuli anayekusanya picha za kitabu cha historia, na mhariri aliyebakiwa na saa moja kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Serikali ni ya wananchi, husema, picha yake basi ni ya wananchi, na ichukuliwe. Kauli hiyo ina utamu wake, na kwa kurudiwarudiwa imekuwa kama sheria. Sheria yenyewe, lakini, haisemi hivyo.

Ubaya wa kauli hii hauko katika uwongo wake tu. Uko katika namna inavyowagawa watu. Asiye na haya huchukua picha, akaichapa, akaiuza, bila kuuliza wala kumtaja aliyeipiga. Mwenye haya huuliza, na kwa kuwa ameuliza hukosa wa kumjibu. Barua yake huzunguka kutoka meza hadi meza, mwisho kitabu chake hutoka bila picha. Mporaji hupata, muungwana hukosa. Hali hiyo ndiyo inayostahili kupigwa vita, wala haitaondoka kwa watu kuendelea kusadiki jambo ambalo si kweli.

Chanzo cha kauli ni Marekani. Kifungu cha 105 cha sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo, kama ilivyotungwa mwaka 1976, kinasema kuwa kazi ya serikali ya Marekani haipati ulinzi wa hakimiliki. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, kwani tangu mwaka 1895 sheria ya uchapaji ya huko ilikataza machapisho ya serikali yasiwekewe hakimiliki. Lakini hata huko Marekani mlango haukuachwa wazi kwa kila apitaye. Kazi inayokusudiwa ni ile iliyofanywa na ofisa au mtumishi wa serikali ya shirikisho akiwa katika majukumu yake. Serikali za majimbo hazimo. Mpigapicha wa kukodiwa aweza kuwa na haki zake kwa mujibu wa mkataba. Na waliotunga sheria hiyo walieleza wazi kwamba hawakuizuia serikali yao kudai haki katika nchi za nje. Uhuru huo, basi, haukushuka kutoka mbinguni, wala haukutokana na mtu kuamua tu kwamba mali ya serikali ni mali ya wote. Uliandikwa, ukawekewa mipaka, ukapitishwa na Bunge.

Uingereza, iliyoitawala pwani hii, ilikwenda njia nyingine. Huko picha iliyopigwa na mtumishi wa serikali akiwa kazini ina mwenyewe, naye ni Taji. Kwa sheria ya mwaka 1988, picha ya Taji ambayo haijachapishwa yaweza kulindwa hadi miaka 125 tangu kupigwa kwake. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilitoa leseni huria, inayomruhusu mtu kunakili kazi nyingi za serikali, hata kwa biashara, alimradi ataje zilikotoka. Haki haikufutwa, mwenye haki ametia saini ya ruhusa. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyefuta haki hawezi kuirejesha kesho kwa hamaki, na aliyetoa ruhusa amejulikana ni nani na ameruhusu nini.

Nchi za Afrika Mashariki zilirithi njia ya Uingereza zaidi kuliko ya Marekani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatamka kwamba kazi iliyofanywa na serikali, au kwa maelekezo na usimamizi wake, ina hakimiliki, na picha hulindwa kwa miaka 50. Msomaji wa Lamu au Mombasa hana, basi, pa kujificha. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeviacha nje ya ulinzi vitu vichache: sheria zenyewe, hukumu za mahakama, maamuzi ya vyombo vya utawala pamoja na tafsiri zake rasmi, na habari za siku. Picha haimo katika orodha hiyo. Zanzibar ina sheria yake, Namba 14 ya mwaka 2003, na chombo chake cha kuisimamia, COSOZA. Huko nako picha ni kazi yenye kulindwa.

Watatokea wajuzi wa kusema kuwa picha ya waziri akikata utepe ni habari ya siku, na habari ya siku haina mwenyewe. Huko ni kuchanganya wali na sufuria. Habari ni kwamba waziri fulani amefungua kituo fulani siku fulani. Hiyo kila mtu ana haki ya kuisimulia. Picha ni kazi ya jicho na mkono wa mtu aliyechagua asimame wapi, angoje kwa muda gani, abonyeze lini. Wapo pia wanaotazama nyuma ya picha, wakakosa muhuri, wakahitimisha kuwa haina mwenyewe. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na chini ya mkataba huo haki haingoji muhuri wala usajili. Picha huzaliwa na haki yake, kama mtoto anavyozaliwa na jina la baba yake hata kabla ya cheti kuandikwa.

Huo ndio upande wa sheria, na hadi hapo mwenye kusema picha ya serikali haina mwenyewe ameshindwa. Lakini kushindwa kwake hakumpi ushindi mpinzani wake, yaani ofisi inayokaa juu ya picha kama kuku juu ya mayai yasiyoanguliwa. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza: je, yafaa iwe hivyo?

Na itazamwe picha moja ambayo karibu kila mtu ameiona. Tarehe 7 Desemba 1972, wanaanga wa chombo cha Apollo 17 waliipiga dunia picha wakiwa njiani kwenda mwezini. Ndani ya duara lile la buluu imo Afrika nzima, imo Bara Arabu, imo Bukini, na pwani ya Waswahili imelala katikati yake. Picha hiyo ni ya NASA, idara ya serikali ya Marekani, ambayo imetangaza kuwa picha zake kwa kawaida hazina hakimiliki. Mwalimu wa skuli ya Pemba aweza kuichapa katika kitabu chake na kuichora juu ya kiambaza cha darasa bila kumwandikia mtu wa Washington hata mstari mmoja. Lakini akitaka kuchapa picha ya skuli hiyohiyo siku ilipofunguliwa, iliyopigwa na ofisa wa habari wa serikali yake mwenyewe, sheria inamtaka akaombe ruhusa. Sayari yote imefunguliwa, kiambaza cha skuli kimefungwa.

Ajabu nyingine iko London. Picha za Taji zilizopigwa kabla ya tarehe 1 Juni 1957 zililindwa kwa miaka 50 tangu kupigwa, na kwa sheria ya Uingereza muda wake umekwisha. Mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo ilizitandaza kwenye intaneti maelfu ya picha za Afrika zilizokusanywa na Wizara ya Makoloni, na za Zanzibar zimo. Kwa hiyo picha ya gavana na ya balozi wa Kiingereza, ya gwaride lao na ya bustani zao, imeachiwa. Picha ya mwananchi aliyejenga nchi baada ya kujitawala ndiyo iliyobaki chini ya kufuli. Kijana wa leo akitaka kuiona nchi yake kwa picha zisizo na masharti, ataiona kwa jicho la mtawala wa jana. Hayo si matokeo ambayo mtu yeyote aliyakusudia, lakini ndiyo matokeo yaliyopo.

Hoja ya kodi nayo ipimwe kwa haki. Husemwa kuwa kamera ilinunuliwa kwa kodi, mshahara wa mpigapicha ulilipwa kwa kodi, basi picha ni ya mlipakodi. Hoja hii peke yake haitoshi. Meli ya serikali imenunuliwa kwa fedha za umma, na abiria hukata tikiti. Nyumba za Michenzani zilijengwa na serikali, na kila mlango una mkaazi wake. Hawezi mtu kupanda ngazi akaingia chumba apendacho kwa kuwa eti babu yake alilipa kodi. Lakini picha haifanani na chumba. Chumba akikaa mmoja, mwingine hana nafasi. Picha wakiichapa watu mia haipungui, haichakai, wala haimnyimi wa mia na moja. Ulinzi wa hakimiliki uliwekwa ili mtunzi apate riziki ya kumwezesha kutunga tena. Serikali haipigi picha ili ipate riziki. Mpigapicha wake amekwisha kupokea mshahara, na hata picha isipouzwa maisha ataendelea kwenda kazini kesho. Sababu ya kufunga haipo, na kisicho na sababu ya kufungwa chafaa kufunguliwa.

Hapa lazima itofautishwe kazi ya serikali na kazi ya mtu aliye serikalini. Shaaban Robert aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, akafanya kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Barua alizoandika mezani zilikuwa za serikali. Mashairi yake hayakuwa ya serikali hata siku moja, japo huenda wino ulikuwa mmoja. Vivyo hivyo mpigapicha wa idara aliyepiga ngalawa zikirudi jioni, siku yake ya mapumziko, kwa kamera yake, hajaipigia serikali. Kisha wapo wenye studio. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, alimpiga picha Sultani na akawapiga raia. Mtu kama huyo hakuwa karani wa mtu. Picha aliyoagizwa na wakubwa haigeuki kuwa ya serikali kwa kuwa tu wakubwa wamo ndani yake. Yategemea mkataba na sheria ya wakati ule. Wanaotaka picha za serikali ziwe huru wasipitishe humo mali za wenye studio, ambao jamaa zao wanaishi kwa kazi ile.

Wapinzani wana hoja moja yenye uzito: kwamba picha ikiachiwa, watakaofaidi ni wageni, watakaochapa kadi za watalii na kuzitundika hotelini. Jibu ni kwamba mgeni hakungoja. Mwenye mtaji ana mwanasheria wa kumwombea kibali, au ana ujasiri wa kuchukua bila kibali. Anayengoja ni mchapishaji mdogo wa diwani, ni mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu juu ya taarabu, ni mzee anayetaka kuweka kumbukumbu ya mtaa wake. Kufuli lililowekwa kumzuia tajiri limemfungia maskini nje.

Hata hivyo kuna kisa kimoja ambacho watetezi wa picha huru hawapendi kukisimulia, na bila kukisimulia hoja yao haitakuwa ya kiungwana. Machi 1936, Dorothea Lange, mpigapicha aliyeajiriwa na idara ya serikali ya Marekani, alimkuta mama mmoja katika kambi ya wachumaji njegere huko Nipomo, California, amekaa na wanawe chini ya hema. Alimpiga picha chache akaondoka, bila kuuliza jina lake. Picha moja kati ya hizo ikawa sura ya ufukara wa zama zile duniani kote, na kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali, kila mtu aliruhusiwa kuichapa. Mama yule, Florence Owens Thompson, hakujulikana jina hadi mwaka 1978, na alipojitokeza alilalamika kwamba hakupata hata senti moja. Mwaka 1983, alipougua, jamaa zake walilazimika kuomba michango ya umma ili atibiwe. Akafariki mwaka huohuo. Mwaka 1998 uso wake uliwekwa kwenye stempu ya posta ya Marekani, na mwaka huohuo nakala moja ya picha yake iliuzwa mnadani kwa dola 244,500.

Kisa hicho chafundisha mambo mawili, wala moja lisifiche jingine. La kwanza ni kuwa picha kukosa hakimiliki si kukosa deni. Aliye ndani ya picha ni mtu, ana jina, ana ukoo, ana haya. La pili ni kuwa hakimiliki isingemsaidia. Haki ile, lau ingekuwapo, ingekuwa ya serikali au ya mpigapicha. Mpigwa picha asingekuwa na fungu ndani yake. Anayesema kuwa picha zifungwe kwa ajili ya kuwahifadhi walio ndani yake anatumia ngao isiyokuwa yao. Heshima ya uso ihifadhiwe kwa sheria ya heshima ya uso: picha ya mgonjwa kitandani, ya mahabusu, ya mtoto, ya mama katika huzuni yake, isiuzie sabuni wala isipambie tangazo la chama bila ridhaa. Hayo yaandikwe peke yake, na yawe na meno.

Kuhusu jina, watu wa pwani hawana haja ya kwenda kujifunza kwingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliishi baada ya kifo chake mwaka 1840 kwa sababu watu wa Mombasa waliyahifadhi vifuani, wakayasema, wakayanakili, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya. Hakuna aliyeombwa ruhusa, wala hakuna aliyethubutu kusema ni yake. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho, wakataja na mji wao na mwaka wa utunzi. Na mwenye kunakili kwa mkono, hata akiwa amechoka na mafuta ya taa yanakwisha, beti hizo hakuziruka. Nakili utakavyo, lakini jina la mtunzi libaki mahali pake: hiyo ndiyo hakimiliki ya Waswahili kabla ya neno lenyewe kuundwa.

Picha za serikali zimevunja adabu hiyo mara mbili. Zimekatazwa kunakiliwa, na juu ya hayo zimenyimwa jina. Chini ya picha huandikwa "Picha na Maelezo", au "Picha na Ikulu", au, ikizeeka, "Picha ya Maktaba", kana kwamba maktaba ina kidole cha kubonyezea kamera. Picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964, imechapwa katika vitabu, katika kalenda na katika mabango pasi na hesabu. Aulizwe mwanafunzi yeyote jina la aliyeipiga, au majina ya vijana waliosimama pale na vyombo vya udongo. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Hawa walikuwapo, wanaonekana, na lao halipo.

Ikiwa bado yupo anayeona kuwa haya ni mambo ya wanasheria na washairi wasio na kazi, na atembee Forodhani alitazame Jumba la Maajabu. Lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash, likasalimika na mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyobomoa kasri jirani, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake ukaporomoka na kuua watu wawili. Nyumba ikianguka, picha huacha kuwa pambo; huwa ushahidi wa nguzo ilisimama wapi, roshani ilipindaje, mlango ulichongwa maua gani. Kila aliyekuwa na nakala alikuwa na kipande cha jumba mkononi. Nakala moja iliyofungiwa ofisini huweza kuliwa na mchwa usiku mmoja. Nakala elfu zilizotapakaa katika majumba, skuli na vitabu haziwezi kwisha zote.

Linalotakiwa, basi, si kubwa. Hakimiliki Zanzibar husimamiwa kwa sheria ya Zanzibar, na Baraza la Wawakilishi lina uwezo wa kuongeza kifungu. Kifungu kiseme kwamba picha iliyopigwa na mtumishi wa serikali akiwa kazini ni ruhusa kunakiliwa na kuchapwa na mtu yeyote, kwa biashara au kwa elimu. Kiseme kwamba anayeichapa lazima amtaje mpigapicha, mahali na mwaka. Kiseme kwamba picha iliyoagizwa kwa mwenye studio hubaki katika mkataba wake. Na kiitake serikali iweke daftari la picha zake, lenye namba, majina na tarehe, likae mahali ambapo mwananchi ataingia akalisoma. Wazee wakiwa bado wapo, majina ya waliopigwa picha yaweza kuulizwa barazani. Wakiisha kuondoka, hapatakuwa na wa kuulizwa. Mali bila daftari, hupotea bila habari.

Hadi siku hiyo, asidanganyike mtu kuwa picha ya serikali ni ya bure. Mchapishaji aandike barua yake ya maombi, aihifadhi nakala, na asipojibiwa aandike tena. Na barua zisizojibiwa zipelekwe kwa wawakilishi, ziwe ndizo hoja ya kudai kifungu hicho. Na ofisa atakayejibu asiishie kutia saini ya ruhusa. Amtafute mpigapicha ni nani, amwandike jina lake nyuma ya picha, kwa kalamu isiyofutika.